Korosho Nzima

Imekuja na lori la viazi kutoka Njombe,
imeviringishwa gazeti, majani yamekunjamana
kama kola ya shati la msafiri.
Sokoni Newala, Mkuta hajui aiuzeje:
kwa kilo, kwa fungu, au kwa huruma.
"Dada, chukua wewe. Watu wanaigusa tu,
wanauliza kama ni ua au uyoga,
halafu wananunua nyanya."

Nimeibeba kifuani kama kichanga
hadi nyumbani. Julai; ukungu umekalia mabati
na baridi ya huku mlimani inatafuna vidole.

Mama yuko jikoni, khanga mbili begani,
mdomo mtupu tangu daktari wa Ndanda
amalize kung'oa yale matatu ya mwisho.
Wiki ya pili hii anakunywa uji,
anauangalia kama mdai aliyerudi tena mlangoni.
Jana aliniomba ming'oko.
Ming'oko, Mama? Kwa meno ya nani?
Tukacheka. Yeye akaacha kucheka kabla yangu.

Basi leo sufuria.
Kitunguu kwanza, kikatwe kidogo, kilainike
kwenye kijiko cha samli bila kugeuka rangi;
kikiwa chekundu, supu yote itavaa kutu.
Saumu punje tatu. Kisha hiyo koliflawa:
naivunja kwa mkono, inaalika kama kijiti kikavu,
vichwa vidogo vidogo vinaangukia bakuli.
Shina silitupi, shina ndilo lenye utamu.
Maji nayapima. Huku kwetu maji,
hata bomba likitoka, tunayapima;
mkono haujasahau ndoo.

Harufu inapanda. Mama anakunja pua.
"Kabichi imeoza?"
"Huyu ni binamu yake. Subiri."

Sasa uzito. Maziwa hatuna,
ng'ombe huku ni hadithi ya watu wengine.
Nafungua kopo. Korosho,
nyeupe, konzi mbili, zimelowa tangu alfajiri.

Hapo ndipo anaposimama.
"Unasaga nzima?"

Miaka kumi na tisa alibangua,
kwa nyundo ndogo, kwa jiwe, kwa jivu la kujipaka viganjani,
na bado yale mafuta ya ganda yalimla
mpaka ncha za vidole zikawa laini kama kioo.
Siku ya kitambulisho mashine ilimkataa mara sita.
Yule kijana akasema, "Bibi, huna alama."
Nzima zilikwenda kwenye maboksi.
Zilizopasuka, kwenye mifuko.
Sisi tulikula chenga, na chenga zenyewe
alizipekua kwanza, asije akamwibia tajiri.

"Nzima, Mama."
"Za kuuza?"
"Za kula."
Anakaa.

Umeme umekatika tangu saa tatu,
mashine ya kusagia imenuna pale kabatini,
basi kinu. Natwanga taratibu, mvuke unanipanda usoni,
koliflawa, korosho, maji yake kidogo kidogo,
hadi sauti ya mchi inabadilika,
inaacha kugonga, inaanza kunong'ona
kama mguu kwenye tope la bondeni.
Napitisha kwenye chujio, narudisha motoni,
chumvi, pilipili manga, ndimu tone moja.

Nyeupe. Nzito. Inajishikiza nyuma ya mwiko
na haidondoki mpaka iamue yenyewe.

Anapokea bakuli kwa vile viganja,
hausikii moto wake; mimi ndiye ninayepuliza.
Kijiko cha kwanza anakizungusha mdomoni
muda mrefu, kwa mazoea tu,
taya linatafuta kitu cha kufanyia kazi
na halikipati.
Anameza.
Cha pili.
Cha tano anakilamba mpaka mgongoni.

Nasubiri neno. Nje jirani anaita kuku wake.
Mama anainamisha bakuli kwenye mwanga wa mlango,
anachungulia ndani, anakwangua, anachungulia tena,
kwa jicho lile lile la mezani kiwandani.

"Hakuna hata chenga," anasema,
na kunisogezea bakuli niongeze.